Kobe wa marehemu baba haitiki tena: je, anasikia?

Shikamoo Bwana Mifugo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tandika katika nyumba aliyotuachia baba yetu. Baba alifariki mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, na arobaini tumeshasoma. Ninachokuandikia kinaweza kuonekana kidogo mbele ya msiba, lakini kimenikaa kooni na sina wa kumwuliza.

Baba ametuachia kobe, anaitwa Kibuyu. Ni yule wa madoa meusi juu ya manjano, mgongo umeinuka kama chungu kilichofudikizwa, na ni mzito hata mwanangu wa miaka 8 hawezi kumwinua. Baba alimleta mwaka 1991 kutoka Handeni alikokwenda kusalimia ndugu. Walimkuta anavuka barabara, baba akamhurumia. Nilikuwa na miaka 6, kwa hiyo kobe huyu nimekua naye.

Kila siku saa 11 jioni baba alikuwa anatoka uani na fungu la mchicha, anagonga mkongojo wake mara tatu kwenye sakafu, halafu anaita, "Kibuyu! Njoo, baba, njoo!" Haipiti dakika mbili utamwona Kibuyu anatoka chini ya mkomamanga, anakwenda moja kwa moja hadi miguuni pake. Watoto wa majirani walikuwa wanakuja kuangalia. Siku ambazo baba alichelewa, Kibuyu hakutoka hata tuite vipi.

Tangu baba afariki namwita mimi kila jioni kutoka mlango wa jikoni. Haji. Anabaki chini ya mkomamanga, shingo ndani. Mwanangu anampigia mluzi, anapiga makofi, wapi. Juzi amegonga mfuniko wa sufuria karibu kabisa na kichwa chake na kobe hakushtuka. Mtoto akanyoosha mkono kumgusa, Kibuyu akaingiza kichwa ghafla na kutoa mlio, "fssss", kama tairi linalotoka upepo. Mtoto akakimbia analia, anasema Kibuyu anatuchukia kwa sababu babu hayupo.

Kaka yangu mkubwa anasema tunajisumbua. "Mmeona wapi sikio la kobe? Kobe ni kiziwi tangu kuumbwa. Alikuwa anauona mchicha, basi." Anasema hivyo kwa sababu kuna mtu anataka kupanga uani aweke mashine ya kusaga na kukoboa, na yuko tayari kulipa kodi ya miezi sita mbele. Mashine itakaa hatua tatu hivi kutoka kwenye mkomamanga. Nilipomwambia kelele zitamuumiza Kibuyu akanijibu kwamba kiziwi hasumbuliwi na kelele. Nikakosa la kusema.

Halafu kuna mkongojo wenyewe. Ni wa mpingo, chini baba aliuvisha kipande cha mpira wa tairi usiteleze. Mzee mmoja wa msikitini, rafiki yake, ameuomba, na kaka amekubali apewe mwisho wa mwezi. Sijakataa, ila kila nikiupita pale nyuma ya mlango moyo unanienda mbio.

Naomba unijibu, mzee wangu. Kibuyu anasikia au hasikii? Au alikuwa anasikia na sasa uzee umemziba? Au ndiyo anamlilia baba?

Binti wa Mzee, Tandika

*

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Wala usiombe radhi kwa kuandika juu ya kobe. Mnyama aliyekaa na baba yako zaidi ya miaka 30 ni sehemu ya nyumba hiyo.

Kibuyu anasikia. Nalitanguliza hilo ili kaka yako akirudi jioni uwe na jibu.

Swali lake la sikio liko wapi ni la haki, maana kobe hana sikio la nje, lile la kushikwa na kuvutwa. Mwambie aje mchana kuna mwanga, achuchumae ubavuni mwa Kibuyu akiwa ametoa kichwa. Aangalie nyuma ya jicho, pale pembe ya mdomo inapoishia. Ataona kiduara cha ngozi kilichotandazwa, kimefunikwa na magamba madogo kama sehemu nyingine za kichwa, ndiyo maana watu wengi hawakitambui. Hicho ndicho kiwambo cha sikio. Nyuma yake kuna chumba chenye hewa, na ndani ya chumba hicho kuna mfupa mmoja mwembamba kama kijiti, unaopeleka mtikisiko hadi sikio la ndani. Sisi tunayo mifupa mitatu ya kazi hiyo, ile tuliyofundishwa shuleni: nyundo, fuawe na kikuku. Kobe anao mmoja tu, na kiwambo chake ni kizito.

Aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa atanielewa haraka. Ngoma kubwa ya ngozi nene haitoi mlio mwembamba, na sikio la kobe linafanana nayo kwa upande wa kupokea. Mtikisiko wa polepole linaupokea, ule wa haraka unalipita. Wanaopima sauti huhesabu mitetemo kwa sekunde na huiita hezi. Mtu mwenye masikio mazima anasikia kuanzia hezi 20 hadi kama 20,000. Kobe anasikia vizuri sauti zilizo chini ya hezi 1,000, na kadiri sauti inavyopanda juu ya hapo ndivyo inavyompotea.

Sasa rudi kwenye majaribio ya mwanao. Mluzi wa mtoto kwa kawaida uko juu ya hezi 1,000. Mfuniko wa sufuria ukigongwa, ule mlio mkali unaotuumiza sisi uko juu zaidi. Kwa hiyo mnaweza kumgongea mfuniko mpaka majirani watoke nje, na kwa Kibuyu ikawa karibu na kimya. Mtoto hakuthibitisha uziwi wa kobe. Alimpelekea sauti ambazo sikio lake halikuumbiwa.

Utaniuliza, na sauti yangu je? Hapo sitaki nikudanganye. Sauti ya mwanamume akizungumza iko kama hezi 100 hadi 150, ya mwanamke kama 200, ya mtoto kama 300. Zote ziko ndani ya uwezo wa kobe. Wewe anakusikia, na mwanao anamsikia akiita kwa mdomo. Haji kwa sababu nyingine, na sababu hiyo umeiandika mwenyewe bila kuitambua: siku ambazo baba alichelewa, Kibuyu hakutoka hata mkimwita. Mlikuwa mnamwita tangu zamani na hakuwa anakuja kwa sauti zenu.

Nadhani kwa Kibuyu wito haukuwa jina. Mkongojo wa mpingo wenye mpira chini, ukigongwa kwenye saruji, unatoa mlio mnene, "du, du, du", na mlio huo haupiti hewani tu. Unapita kwenye sakafu na ardhi. Kobe amelala chini, tumbo limegusa udongo, miguu minne imegusa udongo. Mtikisiko unampanda mwilini hata kabla sauti haijakolea. Ongeza mwendo wa mzee, miguu miwili na fimbo, ambao hakuna mtu mwingine nyumbani anao. Ongeza saa ile ile kila siku, kivuli cha mtu yule yule, na mchicha, ambao kobe huuona vizuri kwa kuwa macho yake ni makali na anatambua rangi. Kaka yako amepatia kidogo hapo kwenye mchicha. Ila mchicha ulikuwa mkononi mwa mtu, na Kibuyu alianza safari akiwa chini ya mti, kabla ya kuuona.

Wewe unatoka jikoni na ndala, mwendo mwepesi, unaita ukiwa mlangoni. Kwake hilo ni tukio jingine kabisa.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo waombolezaji hawana nafasi ya kuiwaza. Kobe hana joto lake mwenyewe, anaazima la jua. Baba amefariki katikati ya mvua, na baada ya mvua kikaingia kipupwe. Saa 11 jioni ya mwezi wa sita au wa saba, kwenye uani wa Tandika uliozungushiwa ukuta, jua limeshakwenda na kobe aliye chini ya mkomamanga ameanza kupoa. Mwili uliopoa hautembei. Mimi nimefuga na nimetibu wanyama miaka mingi, na mara nyingi nimeitwa kuona kobe "mgonjwa" ambaye dawa yake ilikuwa kusogezwa juani asubuhi. Kwa hiyo msimwekee chakula jioni kwa sasa. Mwekeeni saa 4 au saa 5 asubuhi, jua likiwa limempiga vya kutosha. Na mchicha usiwe ndio kila kitu. Kobe wa aina hii chakula chake hasa ni nyasi, mchicha uwe wa kuonja.

Umeuliza kama anamlilia baba. Siwezi kuingia moyoni mwa kobe, lakini kumbukumbu anayo, tena ndefu. Watafiti walifundisha kobe wakubwa kwenye bustani za wanyama za Vienna na Zurich kugusa mpira wa rangi fulani ili wapate chakula. Wale wa Vienna walirudiwa baada ya miaka 9, na walikuwa bado wanakumbuka kuugusa mpira. Kama kobe anaweza kushika mpira miaka 9, sioni kwa nini asishike hatua za mtu aliyemlisha miaka zaidi ya 30. Kwamba kuna kitu kilikuwepo kila jioni na sasa hakipo, naamini Kibuyu analijua hilo.

Kwa mwanao, tafadhali kaa naye umweleze kuhusu ule mlio, kwa sababu mtoto akiamini amechukiwa na mnyama wa babu yake ataubeba muda mrefu. Gamba la kobe halipanuki. Anapoingiza kichwa na miguu kwa haraka, ndani hakuna nafasi, hewa inasukumwa nje ya mapafu na kutoa "fssss". Ni hewa inayotoka, si matusi wala si chuki. Ameogopa mkono uliomjia ghafla usoni, basi. Mwambie pia, maana watoto wa miaka 8 hupenda mambo haya, kwamba kwa miaka mingi hata wataalamu walidhani jamii ya kobe na kasa ni mabubu, mpaka watu wakaanza kuweka vinasa sauti. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walitangaza kwamba wamenasa sauti za aina 50 za kobe na kasa. Kuna kasa wa mto kule Amazon ambao vifaranga wao hutoa sauti hata kabla ya kutoka mayaini. Mnyama asiyesikia angehangaika kutoa sauti ili iweje?

Kabla hujaendelea na lolote, hakikisha hana ugonjwa. Angalia kile kiduara cha sikio pande zote mbili. Kinatakiwa kiwe bapa. Ukiona kimevimba kama kuna punje ya mahindi au gololi chini ya ngozi, hilo ni jipu la sikio, na huwapata kobe hasa wakila vibaya kwa kukosa vitamini A au wakikaa kwenye uchafu. Usaha wa kobe si wa maji kama wetu. Ni mgumu kama jibini, hautoki kwa kukamua, na ukikamua utamuumiza na kuusukuma ndani. Nakusihi usitie mafuta ya nazi, usitie kitunguu, usitie chochote. Unahitajika mkono wa daktari wa mifugo kuupasua na kuusafisha. Daktari wa mtaani akisita kwa kuwa hajazoea kobe, mwombe awasiliane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanakofundisha tiba ya wanyama. Kuhusu uzee, kobe wa aina yake huweza kupita miaka 50 kwa urahisi. Kama baba alimwokota akiwa bado mdogo, huyu bado ni mtu mzima mwenye nguvu.

Kama sikio ni bapa na macho hayana tongo, mpimeni hivi, na kaka yako awepo aone. Asubuhi yenye jua, Kibuyu akiwa anakula, simama nyuma yake hatua tatu, mahali ambapo hakuoni. Usitembeze miguu. Tulia hadi asahau kama kuna mtu. Kisha mwambie kaka yako, ambaye nadhani amerithi sauti ya baba, aseme "Kibuyu" kwa sauti nzito ya kawaida, bila kufoka. Wewe angalia shingo. Msitegemee ageuke kama mbwa. Mnachotafuta ni taya kusimama kutafuna, kichwa kuinuka kidogo au kurudi ndani kidogo. Subirini robo saa, mrudie. Mkirudia mfululizo atazoea na ataacha kujali, mtadhani hasikii kumbe amechoka nanyi. Na mtu yeyote asimgonge mgongoni "kumwamsha". Gamba lile ni mfupa hai, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na anahisi kila kidole.

Sasa mashine. Hapa ndipo napata wasiwasi, na ndipo nataka kaka yako asome mwenyewe. Angeniambia jirani analeta mtoto wa kupiga filimbi, nisingejali. Lakini mashine ya kusaga ni ngurumo nene na mtikisiko wa sakafu kutwa nzima, yaani ndicho kitu hasa ambacho sikio la kobe na tumbo la kobe vimeumbwa kupokea. Kwake hatua tatu kutoka hapo ni kama kulala juu ya spika. Na kobe wa porini akisumbuliwa huondoka, wa uani anaondoka kwenda wapi? Atakaa ndani ya gamba, ataacha kula, au atazunguka ukutani akitafuta njia hadi achubuke. Ukiona mojawapo ya hayo usiseme amezeeka.

Simlaumu kaka yako kuwaza kodi. Nyumba ya marehemu ina gharama, na miezi sita mbele si fedha ya kupuuza. Zungumzeni kama ndugu, si kobe dhidi ya kodi. Je, huyo mpangaji anaweza kukaa upande wa barabarani? Je, sehemu hiyo inaweza kupangishwa kwa kazi ya kimya, fundi cherehani, duka, stoo? Kama mashine haina budi, ikae mbali kabisa na kona ya Kibuyu, juu ya msingi wake wenyewe wenye mpira chini, na Kibuyu apewe udongo badala ya saruji. Mjue pia kwamba Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina kanuni za kelele na mitetemo, na katika nyumba za Tandika zilizobanana majirani wenye masikio ya kibinadamu nao watalalamika.

Kuna jambo moja hukuniuliza ila nisipolisema nitakuwa nimekuficha. Kibuyu ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumweka nyumbani kunahitaji kibali. Mwaka 1991 baba alifanya huruma tu, lakini sasa mwenye dhamana ni ninyi. Nendeni wenyewe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, mweleze historia yote kama ulivyonieleza mimi, mwombe mwongozo. Tafadhali msifanye ya kumpakia kwenye gari na kumwacha porini kwa hofu. Hajui pori hilo, na anaweza kuwapelekea kobe wa huko magonjwa ya mjini.

Baada ya hapo mfundishe upya. Asubuhi ya jua, saa ile ile kila siku, gonga sakafu mara tatu polepole, nenda kwake kwa mwendo mzito, mpe nyasi na kipande kidogo cha kitu anachokipenda papo hapo. Siku za mwanzo gonga ukiwa karibu, kisha rudi nyuma hatua moja kila baada ya siku kadhaa. Mpe wiki tatu, hata nne, kobe hana haraka. Akishazoea, mpe mwanao kazi ya kugonga.

Na kazi hiyo inataka fimbo ile ile, mlio ule ule. Mwambie kaka yako kwamba nimeomba mimi: huyo mzee wa msikitini mtafutieni mkongojo mwingine mzuri, wa mpingo vilevile, na mpelekeeni ninyi wawili pamoja. Huo wa nyuma ya mlango una kazi uani.

Bwana Mifugo